Vumbi la Nyumba Kongwe: Mwongozo kwa Fundi Anayekarabati Nyumba za Marekani Zilizojengwa Kabla ya 1978

Kabla ya kukubaliana bei na mteja, muulize nyumba yake ilijengwa mwaka gani. Akitaja mwaka wowote ulio kabla ya 1978, hiyo si kazi ya brashi na ndoo tu. Sheria ya Marekani inaihesabu nyumba hiyo kuwa na rangi yenye madini ya risasi mpaka ithibitishwe kwamba haina, na inamtaka kila anayelipwa kuikarabati afuate kanuni iitwayo RRP. Kanuni hiyo ilitungwa mwaka 2008 na EPA, wakala wa serikali kuu wa kulinda mazingira, ikaanza kutumika kikamilifu Aprili 2010.

Mwongozo huu ni wako wewe fundi uliyetoka Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi au kwingineko, unayetafuta riziki kwa kupaka rangi, kubadilisha madirisha na kutengeneza mabaraza ya nyumba za watu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba za tofali, za udongo au za mawe yaliyopakwa chokaa. Nyumba kongwe ya Buffalo, Louisville, Columbus au Des Moines mara nyingi ni ya mbao kuanzia ukutani hadi barazani, na mbao hizo zimepakwa rangi juu ya rangi tangu enzi za mababu wa mwenye nyumba. Isitoshe, mitaa ya kodi nafuu, ambako familia nyingi zinazotoka kambi za wakimbizi huanzia maisha, ina nyumba kama hizo tele. Huenda mchana unaikarabati moja na usiku unalala katika nyingine.

Adui ni vumbi

Risasi ilitiwa katika rangi kwa sababu rangi hiyo ilikauka upesi, ikashika mbao barabara na kustahimili mvua. Madhara yake yalijulikana mapema, na walioumia mwanzo walikuwa mafundi wenyewe: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwakinga wapaka rangi dhidi ya rangi nyeupe ya risasi. Marekani haikupiga marufuku rangi hiyo majumbani mpaka mwaka 1978.

Rangi iliyo nzima, iliyotulia ukutani, kwa kawaida haimdhuru mtu. Madhara huanza inapokwanguliwa, inapopigwa msasa, inapochomwa, au pale dirisha la kupandisha na kushusha linaposuguana na fremu yake miaka nenda miaka rudi. Hapo hutoka vumbi laini lisiloonekana, likatua kwenye kingo za madirisha na sakafuni. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha mkono unaingia mdomoni. Mwili wake unaipokea risasi kama unavyoipokea kalsiamu. Mtu mzima akimeza risasi, sehemu kubwa hupita na kutoka. Mtoto anaweza kubakiwa na takriban nusu ya alichomeza. Risasi huathiri ubongo unaokua, usikivu, uwezo wa kujifunza na kutulia. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tangu mwaka 2021, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka hatua zichukuliwe damu ya mtoto ikionyesha mikrogramu 3.5 kwa desilita, na mtoto wa kiwango hicho kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote.

Kila sharti utakalolisoma hapa chini linatokana na hilo vumbi. Ukilielewa, hutahitaji kukariri kanuni kama kasuku. Utajua mwenyewe kwa nini mlango unafunikwa na kwa nini mashine fulani zimekatazwa.

Uwezekano wa kukuta risasi unategemea umri wa nyumba. Kwa makadirio ya EPA:

- Iliyojengwa kabla ya 1940: nyumba 87 katika 100
- Kati ya 1940 na 1959: nyumba 69 katika 100
- Kati ya 1960 na 1977: nyumba 24 katika 100

KISANDUKU: Je, kanuni inakuhusu?

Inakuhusu ikiwa yote matatu ni kweli:

☐ Jengo ni nyumba ya makazi, au ni shule ya chekechea au kituo cha kulelea watoto ambako mtoto wa chini ya miaka 6 hufika mara kwa mara, na lilijengwa kabla ya 1978.

☐ Unalipwa. Mwenye nyumba anayetengeneza nyumba anayoishi mwenyewe hahusiki. Mwenye nyumba ya kupangisha anahusika, hata akifanya kazi kwa mikono yake. Anayenunua nyumba, kuitengeneza na kuiuza kwa faida anahusika pia.

☐ Kazi itachokonoa rangi ya zamani zaidi ya futi za mraba 6 kwa chumba ndani ya nyumba, au zaidi ya futi za mraba 20 nje. Kubadilisha dirisha au kubomoa sehemu iliyopakwa rangi kunahesabika hata eneo likiwa dogo.

Usikate kazi moja vipande ili kila kipande kibaki chini ya futi za mraba 6. Kazi zote za chumba kimoja ndani ya siku 30 zinajumlishwa.

Nyumba zinazopata msaada wa serikali kuu, zikiwemo nyingi ambazo wapangaji wake wanalipiwa sehemu ya kodi, zina masharti makali zaidi. Huko kipimo cha kazi ndogo ya ndani ni futi za mraba 2, na kazi ikiisha mtu asiye wa kampuni yako huchukua sampuli za vumbi na kuzipeleka maabara. Muulize mteja jambo hili mapema, kwa sababu linabadilisha bei.

Vyeti viwili, wala si kimoja

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Mtu anasoma darasa la siku moja, anapata cheti, anadhani yamekwisha. Kuna cheti cha mtu na kuna cheti cha kampuni, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Hata kama kampuni ni wewe, ngazi yako na gari lako, unahitaji vyote viwili.

1. Soma kozi ya saa 8 kwa mkufunzi aliyeidhinishwa. Saa 2 kati ya hizo ni za vitendo. Cheti hudumu miaka 5, kisha unarudia kozi fupi ya saa 4. Ukiirudia yote mtandaoni, cheti kipya hudumu miaka 3.

2. Omba cheti cha kampuni. Katika majimbo kama Ohio, Kentucky na Texas unaomba EPA moja kwa moja, na ada ni dola 300 kwa miaka 5. Majimbo mengine, kama Iowa, Massachusetts, North Carolina, Wisconsin na Washington, yanaendesha mpango wao wenyewe, kwa hiyo unaomba kwenye idara ya jimbo na ada ni tofauti.

3. Wafundishe wasaidizi wako. Si lazima kila mmoja awe na cheti, lakini mwenye cheti lazima awaelekeze kazini, na lazima awepo yeye mwenyewe wakati mabango yanawekwa, wakati eneo linazungushiwa na wakati wa kusafisha. Muda mwingine lazima apatikane kwa simu. Nakala ya cheti chake ikae pale kazini.

Mwelekeze msaidizi kwa lugha anayoielewa barabara. Kama ni Kiswahili, Kiswahili. Kama ni Kinyarwanda au Kifaransa, hivyo hivyo. Mtu anayeitikia "ndiyo" kwa kila kitu kwa sababu ya heshima hajaelekezwa bado. Mwambie akuonyeshe kwa vitendo.

Kabla ya siku ya kazi

1. Mpe mteja kijitabu cha EPA kiitwacho *Renovate Right*. Kisitangulie kazi kwa zaidi ya siku 60. Apokee na kutia sahihi. Ukikituma kwa posta, pata hati ya posta inayothibitisha kwamba umekituma, nacho kitangulie kazi kwa siku 7 angalau. Nyumba ikiwa na mpangaji, naye apewe chake.

2. Amua: kupima au kuchukulia kwamba risasi ipo. Anayetaka kupima ana njia tatu: mkaguzi mwenye leseni aje na mashine ya eksirei, vipande vya rangi vipelekwe maabara iliyoidhinishwa, au fundi mwenye cheti atumie vifaa vya kupimia vinavyotambuliwa na EPA. Vifaa vingine vya madukani havitambuliwi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua. Pima kila sehemu utakayoigusa: fremu si mlango, na mlango si ukuta.

Kwa kazi nyingi ndogo, ushauri wangu ni kwamba usihangaike kupima. Chukulia ipo, fanya kazi kwa utaratibu, weka gharama yake kwenye bei. Neno la mdomo la mteja kwamba "hapa hakuna risasi, nilishaambiwa" halikukingi. Kinachokukinga ni ripoti ya maandishi.

3. Wapangie watu wa nyumba. Watoto na wajawazito wasiingie eneo la kazi hata kidogo. Kubalianeni watapitia mlango upi na watalala chumba kipi.

Kuzungushia eneo

Ndani ya nyumba:

1. Weka bango kwenye kila njia ya kuingilia. Kanuni inataka bango liwe katika lugha ya wakaaji kadiri inavyowezekana, kwa hiyo kwenye nyumba ya Waswahili liandike kwa Kiswahili: HATARI. KAZI YA RANGI YENYE RISASI INAENDELEA. USIINGIE. USILE, USINYWE WALA USIVUTE SIGARA HAPA.
2. Toa fanicha, mazulia, nguo na vinyago vya watoto. Kisichotoka kifunikwe kwa nailoni nzito na kubanwa kwa tepu.
3. Funga madirisha. Zima mfumo wa hewa ya joto na baridi, kisha funika matundu yake. Tundu moja likiachwa wazi linaweza kulipeleka vumbi hadi chumba cha mtoto ghorofani.
4. Tandika nailoni sakafuni, ipite futi 6 kila upande wa sehemu unayoifanyia kazi, na kingo zake zishikwe na tepu.
5. Ziba milango. Ule mnaoutumia uwekewe mapazia mawili ya nailoni yanayopishana, mtu apite bila kuacha uwazi.

Nje ya nyumba: tandika nailoni futi 10 kutoka ukutani, funga milango na madirisha yote yaliyo ndani ya futi 20, na kwenye ghorofa funga pia ya ghorofa zote za chini. Mpaka wa jirani ukiwa karibu kuliko futi 10, simamisha kizuizi cha wima. Upepo ukivuma kiasi cha kurusha vipande vya rangi, simamisha kazi. Udongo uliochanganyika na rangi chini ya dirisha ndio mtoto atakaouchezea kiangazi kijacho.

KISANDUKU: Marufuku kabisa

✗ Kuchoma rangi kwa moto wa wazi.

✗ Kifaa cha kupuliza hewa ya moto kikifika au kuzidi nyuzi 1,100 za Farenhaiti, yaani takriban 593 za Selsiasi. Joto hilo hugeuza risasi kuwa mvuke unaovutwa moja kwa moja mapafuni.

✗ Mashine ya msasa, ya kusaga, ya randa au ya kurusha mchanga isiyo na kifuniko kilichounganishwa na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA.

Badala yake lowesha rangi kwa chupa ya kupuliza maji, kisha kwangua kwa mkono au piga msasa wa maji. Karibu na soketi za umeme usitumie maji. Kabla ya kung'oa ubao au dirisha, pitisha kisu kwenye mshono wa rangi ili rangi ivunjike hapo tu bila kutapanya vipande. Kifyonza vumbi cha kawaida cha nyumbani kiache kwenye kabati. Chujio la HEPA linashika asilimia 99.97 ya chembe ndogo kabisa. Kile cha kawaida huvuta vumbi mbele na kulitema nyuma, likielea hewani kwa saa nyingi.

Kusafisha, na kuthibitisha kwamba pamesafishika

Jioni, mwili umechoka, mteja anauliza mtamaliza saa ngapi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi katika chumba salama au la. Ukipanga ratiba, ipe muda wake mapema, usiiachie masalia ya siku.

1. Okota vipande vyote vya rangi, weka kwenye mifuko mizito na kuifunga.
2. Nyunyizia nailoni maji kidogo, ikunje uchafu ukiwa ndani, ibane kwa tepu, itie ndani ya mfuko mzito. Nailoni ya mlangoni hubaki mpaka mwisho.
3. Anza juu, malizia chini. Kuta zifyonzwe kwa HEPA au zifutwe kwa kitambaa chenye maji, kisha kingo za madirisha, kisha sakafu. Zulia lifyonzwe kwa HEPA yenye brashi inayozunguka.
4. Piga deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Maji machafu usiyamwage uani wala kwenye mfereji wa mvua.
5. Kagua kwa macho, taa ikiwaka. Ukiona vumbi au kipande chochote, rudia.

Kisha huja kipimo chenyewe, na lazima kifanywe na mwenye cheti:

- Chukua kitambaa chepesi chenye unyevu cha kutumia mara moja. Futa ukingo mmoja wa dirisha kwa kitambaa kimoja.
- Linganisha na kadi maalumu ya EPA. Kitambaa kikilingana na rangi ya kadi au kikiwa cheupe zaidi, umefaulu. Kikiwa cheusi zaidi, safisha tena na ufute kwa kitambaa kipya.
- Kikishindwa mara ya pili, ngoja saa moja au mpaka pakauke kabisa, muda wowote ulio mrefu zaidi, kisha pafute kwa kitambaa kikavu cha kunasa vumbi. Hapo sehemu hiyo imekamilika.
- Sakafu zisizo na zulia na meza za jikoni zilizojengewa hupimwa vivyo hivyo, kitambaa kimoja kisizidi futi za mraba 40.

Bango litolewe baada ya hapo tu. Kazi ya nje hukaguliwa kwa macho peke yake. Taka za nyumba ya makazi, kwa sheria ya serikali kuu, zinaweza kwenda na taka za kawaida za nyumbani, ila baadhi ya majimbo na miji ina masharti yake. Uliza kabla ya kupakia gari.

Mwili wako na watoto wako

RRP inalinda wakaaji. Wewe, ukiwa umeajiriwa, unalindwa na kanuni nyingine, ya wakala wa usalama kazini, OSHA, inayotaka hewa unayovuta isizidi mikrogramu 50 za risasi kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Usikubali kukatwa mshahara kwa ajili ya barakoa.

☐ Barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P100. Ile nyembamba ya hospitalini haifai. Ndevu huizuia kushika uso, kwa hiyo mwenye ndevu azungumze na mwajiri kuhusu aina nyingine.

☐ Ovaroli ya kutupa na vifuniko vya viatu, vivuliwe kabla ya kutoka eneo la kazi.

☐ Mikono na uso vioshwe kabla ya kula, kunywa, kuvuta sigara au kushika simu.

☐ Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Koga na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kama huwezi kukogea kazini, pita bafuni moja kwa moja ukifika nyumbani.

Kwa mtu mzima risasi hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na hupunguza uwezo wa kuzaa. Hujihifadhi mifupani kwa miaka, na mwanamke akipata mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Mwombe daktari kipimo cha damu, chako na cha watoto wako, na umwambie waziwazi kazi unayofanya, kwa kuwa bila kuambiwa huenda asifikirie risasi. Simu ya taarifa za risasi ya serikali kuu ni 1-800-424-5323.

Karatasi, na kazi za kupewa na wengine

Tunza kwa miaka 3 sahihi ya kupokea kijitabu, matokeo ya vipimo, majina ya uliowaelekeza kazini na fomu ya hatua ulizofuata. Mteja naye apewe nakala ya fomu hiyo ndani ya siku 30. Mkaguzi huanza na karatasi. Faini inaweza kupita dola 40,000 kwa kosa moja kwa siku moja, na wakubwa hawakupona: mwaka 2020 Home Depot ilikubali kulipa dola milioni 20.75 kumaliza mashitaka kwamba ilipeleka majumbani makandarasi wasio na vyeti.

Mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili hupata kazi kupitia kontrakta mwingine, kwa simu ya jioni: njoo kesho saa moja asubuhi, leta brashi. Hapo ndipo kinga huwa ndogo kuliko kwingine kote. Kabla ya kusema ndiyo, muulize:

☐ Nyumba ilijengwa mwaka gani?

☐ Cheti cha kampuni ni cha nani, na ninaweza kukiona?

☐ Nani mwenye cheti binafsi atakayekuwepo kuzungushia na kusafisha?

☐ Wakaaji wameshapewa kijitabu? Kuna mtoto?

☐ Bei inahesabu nailoni, HEPA na saa za kusafisha?

Akijibu swali la mwisho kwa hapana, mpe bei yako inayohesabu vitu hivyo, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Akikuambia washa mashine ya msasa bila kifuniko kwa kuwa mteja hayupo, weka chombo chini na uondoke. Kama tayari umefanya kazi ya namna hiyo na ndani kuna mtoto, waambie wazazi wake leo wampeleke akapimwe damu.